Jumamosi juu ya ngazi, Santa Rosa

Leo nimeshinda juu ya ngazi nikizoa majani makavu kwenye gata za bibi mmoja hapa Santa Rosa, Kalifonia. Nimejitolea na shirika moja dogo la mtaani. Mwanzo lilikuwa la kuwasaidia waliounguliwa nyumba mwaka 2017: fomu za bima, vibali vya ujenzi, mafundi wasiokimbia na hela za watu. Siku hizi wanahangaika zaidi na moto ujao.

Ule wa Oktoba 2017, uliopewa jina Tubbs, uliruka barabara kuu ya njia sita usiku na kuteketeza mtaa wa Coffey Park. Walikufa watu 22. Bibi aliondoka na kandambili na paka. Basi.

Mimi ni mtoto wa Mufindi, Tanzania. Kwetu kila kiangazi tunafyeka barabara za moto, yaani njia tupu za kuuzuia moto usivuke, kuzunguka mashamba ya misindano, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Kumbe nyumba nyingi huku huunguzwa na cheche zinazosafiri na upepo, zikapenya kwenye matundu ya hewa ya darini. Dawa yake ni wavu wa chuma wenye vitundu vidogo sana, na futi 5 kuzunguka ukuta zisiwe na chochote cha kuungua.

Shida ikawa waridi la marehemu mumewe, limeegemea dirisha kabisa. Tumebishana nusu saa, kwa adabu. Mwishowe tumelihamishia kwenye uzio, mizizi na udongo wake. Mgongo sina.