Deli la udongo

Dar nimekwenda mara nyingi na sijawahi kuona sababu ya kuandika chochote. Ya juzi naiandika kwa sababu nusura niteremshwe kwenye basi pale Mbezi kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi wote ulikuwa miguuni pangu.

Nianze na kilichonipeleka. Nilisoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, na tangu nimalize naishi kwa vibarua vya utafiti. Mwezi huu nahesabu mbegu, mwezi ujao nahoji wakulima na dodoso la kurasa kumi na moja, mwezi mwingine nachimba udongo wa watu. Safari hii ilikuwa udongo, bonde la Mto Msimbazi. Mto huo unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unakatiza jiji zima na kumwagika baharini karibu na Daraja la Salenda, na njiani unapokea kila kitu ambacho jiji limekikataa. Kandokando yake watu wanalima mchicha, matembele, chainizi na figiri, na kabla jua halijakaza mboga ziko sokoni. Si habari mpya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mwaka 1999 kwamba walikuta risasi na kadimi, metali zenye sumu, kwenye mboga za kando ya mito ya Msimbazi na Sinza. Mwaka huo mimi nilikuwa nanyonya. Tumetumwa kupima tena, watu wanakula tena.

Gesti nililipa elfu thelathini kwa usiku. Feni ilikuwepo, imening'inia darini kama picha ya marehemu, haigeuki wala haitikisiki. Nilipouliza, kijana wa mapokezi akanijibu kwamba chumba chenye feni "inayofanya kazi" ni elfu thelathini na tano. Maji ndoo moja. Sisi wa Mgeta, milimani kule Morogoro, tumezoea kulala na mablanketi mawili, kwa hiyo usiku wa kwanza nililala sakafuni, na usiku wa pili nikalowesha kanga na kujifunika nayo. Bodaboda kutoka hapo hadi Vingunguti alitaka elfu saba, nikampa elfu nne, akachukua bila kubisha, nikajua nimeliwa.

Siku nne za kazi sina mengi ya kusema juu yake. Unatembea shambani kwa mwendo wa herufi W, unachota udongo sehemu tano, kina cha sentimita 20, kwa koleo la plastiki, maana la chuma linaweza kukuachia metali zake kwenye sampuli. Unachanganya kwenye ndoo, unamwaga juu ya turubai, unagawa mafungu manne kama unagawa ugali, unatupa mawili yanayotazamana, unachanganya yaliyobaki, unagawa tena, mpaka ibaki nusu kilo. Hiyo inaingia kwenye kifuko na kuandikwa namba. Mchicha wa tuta hilohilo unaingia kwenye bahasha ya kaki, nayo inawekwa kwenye deli lenye barafu ili usioze kabla ya kufika kwenye tanuri la kukaushia. Vifuko ishirini na vinne, bahasha ishirini na nne. Mgongo haukuwa wangu tena.

Mzee mmoja wa jirani na machinjio ya Vingunguti ndiye aliyenisimamisha kidogo. Mchicha wake anaung'oa ukiwa na wiki tatu hivi, na mto ukifura siku mbili kabla, anaanza upya kununua mbegu. Desemba 2011, mafuriko yale makubwa, hakuokoa hata jembe. Nilimwamkia, nikamweleza tunachotafuta, akasikiliza huku anamwagilia bila kusimama, ndoo mbili mkono huu na huu.

"Mkikuta sumu," akasema, "mtanipa shamba jingine?"

Swali hilo halimo kwenye dodoso. Nikaandika namba ya tuta lake. Nilipokuwa naondoka akanifungia mchicha mkubwa kwa ukambaa, akanitupia: "Kapike, mwanangu. Bure." Nikaushika mkononi na kumshukuru, na hapo ndipo nilipoona aibu yangu, maana sikujua niutie wapi, kwenye begi la nguo au kwenye deli la sampuli.

Sasa turudi Mbezi.

Stendi ya Magufuli saa nne asubuhi. Wapiga debe wawili walinishika mkono mmoja mmoja, wa tatu akanyakua deli na kukimbia nalo kuelekea basi ambalo sikulitaka. Kulirudisha nilitoa elfu mbili. Nauli elfu kumi na moja, sawa. Lakini konda alipotaka deli liende kwenye buti nikakataa. Kule chini kuna joto la injini, na siku hiyo pikipiki mbili zilikuwa zimelazwa humo zikivuja petroli. Mboga unayokwenda kuipima sumu huwezi kuilaza na petroli. Nikasema litakaa miguuni kwangu.

"Samaki hawaingii ndani, dada. Abiria watalalamika harufu."

"Si samaki."

"Ni nini?"

Ningesema dawa. Ningesema maziwa. Nimelifikiria jambo hili kila siku tangu hapo. Nikasema, "Udongo."

Konda akacheka, kisha akaacha kucheka. Akafunua mfuniko. Juu kabisa vilikuwa vile vifuko, vimepangwa safusafu, kila kimoja kimefungwa fundo na kuandikwa kwa wino mwekundu: VN 1, VN 2, KG 1, KG 2. Wino mwekundu, jamani. Nyeusi ilikuwa imeniishia Jumanne.

"Udongo wa wapi?"

"Vingunguti. Kigogo. Jangwani. Sehemu mbalimbali."

Nyuma yangu mama mmoja aliyevaa dera akavuta pumzi kwa sauti. Akamwambia jirani yake, kwa ule mnong'ono unaokusudiwa kusikika hadi kwa dereva: "Udongo wa nyayo huo. Wa milangoni mwa watu. Na umeandikwa namba." Mwingine akaongeza kwamba VN huenda ni majina ya wahusika. Kijana wa siti ya mbele akasimama ili aone vizuri, simu tayari iko juu inarekodi. Mzee wa baraghashia akaanza kusoma jambo kimoyomoyo, midomo inacheza.

Nikatoa kitambulisho cha mradi. Konda akakitazama mbele na nyuma, akakirudisha. Nikaeleza: tunapima udongo wa mashamba ya mboga, tunaupeleka maabara, tunaukausha, tunauyeyusha kwa asidi, halafu kuna mashine. Naona nyuso hazilegei. Nikaona nifupishe, nitaje kitu chenyewe tunachokitafuta.

"Tunatafuta risasi," nikasema.

Nawaambieni, nilipolitamka nilikuwa namaanisha madini, ile metali nzito inayotoka kwenye betri na rangi za zamani. Basi zima lilisikia jingine. Mama wa dera alishuka. Si kwamba alitaka kushuka, alikuwa tayari yuko chini. Dereva akazima injini. Yule kijana wa simu akawa anamwambia mtu, "Ana risasi kwenye deli, nakwambia, risasi!" Na konda, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa anaogopa harufu ya samaki, akaweka mguu juu ya mfuniko kama aliyekanyaga nyoka.

Aliyeniokoa ni mwanamke wa siti ya dirishani upande wa pili, mtu mzima, kilemba cha kitenge, kikapu tupu mapajani. Akauliza taratibu, "Binti, risasi ya kwenye mboga?" Nikaitikia kwa kichwa, sauti imenikimbia. "Basi kaeni chini," akawaambia wengine. "Hao wa vyuoni. Walikuja hata kwetu Buguruni, wakanunua mchicha wangu mafungu sita wakaondoka bila kuomba nyongeza. Nikajua hawa si wapishi."

Deli likabaki ndani. Nililipia siti ya pili kwa ajili yake, elfu kumi na moja nyingine, na risiti sikupewa. Mama wa dera akarudi, akaomba abadilishiwe nafasi, akapewa ya nyuma kabisa.

Nilidhani yameisha. Lakini mara tu hofu ya uchawi ilipotoka, ikaingia nyingine. Kabla hatujafika Kibaha watu sita walikuwa wamenigeukia. Mchicha wa Ilala je? Matembele? Dada yangu ni mjamzito, ale asile? Nikawaambia majibu hayajatoka, ndiyo kwanza tunapeleka. Wakaona nawaficha. Nikawaambia ninachokijua: kuosha kunaondoa vumbi la barabarani, lakini kilichopanda kwa mizizi hakiondoki kwa maji. Kwamba mboga za majani huvuta kadimi kuliko matunda kama bamia na nyanya. Kwamba udongo ukiwa mchachu mmea unavuta zaidi, na chokaa na samadi vinasaidia kuishikilia humohumo udongoni. Kwamba kiwango cha kimataifa kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi kwa kilo, na 0.2 za kadimi.

"Miligramu ndiyo fungu ngapi?" akauliza yule mama wa kilemba, ambaye sasa alikuwa amehamia karibu yangu, deli likiwa katikati yetu kama mtoto wa tatu.

Hakuwa anatania. Anauza mchicha miaka kumi na tisa, amesomesha watoto watatu kwa mchicha huohuo, na alichokuwa anataka kujua ni kesho aseme nini mteja akimuuliza. Sikuwa na jibu la kumpa. Akanyamaza hadi tukapita mizani ya Vigwaza, akanunua mahindi ya kuchemsha dirishani, akanimegea nusu. Halafu akaniuliza kwetu wapi.

"Mgeta, mama."

"Mgeta ya kabichi?"

"Ndiyo." Nikajisikia vizuri, maana kutoka huko tunajivuna. Milima, maji ya chemchemi, hewa baridi, njegere, karoti, stroberi. Hatuna machinjio wala kiwanda juu yetu. Mtu wa Mgeta akila mchicha wa Dar hunung'unika kwamba una ladha ya mfereji. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo.

"Nauza na kabichi," akasema. "Za huko kwenu zinashuka na fuso usiku. Nikimenya majani ya juu mikono inawasha, mpaka nanawa kwa sabuni mara mbili. Harufu ya dawa kabisa. Hizo mmepima?"

Nikasema mradi huu ni wa bonde la Msimbazi.

"Aa." Akatafuna mahindi yake. "Bonde."

Alishuka Chalinze, anakwenda msibani. Aliniaga vizuri, akaliaga na deli.

Kutoka Chalinze hadi Morogoro nilikaa na hilo "aa" peke yangu. Nyumbani nimelijua bomba la mgongoni tangu nikiwa mdogo, nilikuwa namchotea baba maji ya kuchanganyia. Dawa ya wadudu na dawa ya ukungu zote ndani ya bomba moja, na mvua ikinyesha unarudia. Kwenye chupa pameandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, maandishi madogo kama chawa, na sikumbuki kuona mtu aliyeyasoma. Anayepanga siku ya kuvuna ni mnunuzi. Ndiye anayepanga bei, ndiye anayepanga lumbesa ipande juu ya mdomo wa gunia kiasi gani, na simu yake ikiita, kijiji kizima kinashuka na mapanga shambani, kabichi imekauka dawa au haijakauka.

Nilifikisha sampuli jioni. Barafu ilikuwa imeyeyuka lakini bahasha zilikuwa kavu. Mchicha wa yule mzee ulikuwa umenyauka kwenye begi la nguo, nikautia kwenye sufuria ya maji, ukafufuka. Asubuhi ulikuwa bado umesimama pale, na mimi bado sijaamua.

Nikampigia mama. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua, za ng'ombe wa jirani, za mdogo wangu. Halafu nikamuuliza, kama napitisha tu: "Mama, kabichi za kuuza, mnapulizia siku ngapi kabla ya kuvuna?"

"Inategemea fuso linakuja lini," akasema. "Kwani unataka kabichi? Ukija usichume hizo. Zetu ziko nyuma ya jiko."