Siku moja maishani mwangu: asubuhi saiba, jioni hadithi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko feri ya Likoni, hapa Mombasa, nasukumana na wenzangu, hiyo stori mwaijua. Mahamri mawili na mbaazi, mbio kazini.

Saa mbili nafungua saiba. Ni watu wa eCitizen, zile huduma za serikali mtandaoni, waliosahau paswedi, na mzee mmoja ataka fotokopi ya kitambulisho "lakini isitoke nyeusi sana mwanangu". Kukitulia natoa kopi za hadithi ya kikao changu cha jioni cha kusoma na vijana, bosi anajua, karatasi nanunua mwenyewe.

Saa saba nala viazi karai huku naipitia hadithi tena. Kuchagua ndo kazi yenyewe. Kundi letu lina vijana waliokimbia vita, wengi wa Goma, Kongo, walitoka waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025, yuko dada wa Khartoum ambaye Kiswahili bado anakisaka, na wa hapa hapa mtaani pia wamo maana sitaki kiwe kikao cha wakimbizi. Hadithi ya huzuni ruksa. Ya bunduki siiweki, mtu asije akashtukizwa na risasi katikati ya sentensi na yeye ndo anasoma kwa sauti. Leo ni Abunuwasi na sufuria iliyozaa: aliazima sufuria ya jirani akairudisha na kisufuria ati imezaa, akaiazima tena, safari hii ati imekufa.

Saa kumi na nusu, alasiri ishaswaliwa, tumekaa duara. Kila mtu asoma aya moja, asiyetaka asema "pita" na haulizwi kwa nini, na hakuna kuulizana kwenu kulitokea nini. Ukimuuliza kijana wajisikiaje atakwambia niko poa hata kama usiku halali, lakini muulize yule jirani alijisikiaje kuambiwa sufuria yake imekufa, hapo wallahi hawanyamazi. Dada wa Khartoum akadakia kwao hiyo ni ya Juha, yule wa hadithi za Kiarabu, wakaanza kubishana nani kamwibia nani. Halafu msichana mmoja wa Goma akasema yeye yuko na jirani, kwa sababu mamake aliacha sufuria zote kwa jirani siku waliyokimbia na mpaka leo akipiga simu aulizia sufuria, nyumba haiulizii. Mwengine akasema wao ni cherehani. Mwengine redio ya babu. Ukurasa wa pili hatukuufikia, ikawa ni vyombo tu mpaka magharibi, na mimi sikuwarudisha kwenye karatasi.

Wakitawanyika nambakisha kijana mmoja, wiki hizi usingizi hana kabisa. Huyo hadithi haimtoshi, kesho namsindikiza kliniki akamwone mshauri. Anayejifanya daktari kwa kusomea watu hadithi ataumiza mtu.

Saa moja na nusu feri tena, na jamaa yangu mmoja hunicheka humo, ati vita na vitabu wapi na wapi, watu wape unga. Unga sawa. Lakini Daraya, kando ya Damascus huko Syria, mji umezingirwa na mabomu yashuka, vijana waliokota vitabu kwenye nyumba zilizobomoka wakafungua maktaba chini ya ardhi, watu wakaenda kusoma na kujadiliana, mpaka 2016 walipohamishwa. Na njaa ilikuwepo.

Saa nne usiku grupu ya WhatsApp bado yawaka. Kuna mmoja, yule ambaye kikaoni husema "pita" kila zamu, katuma voisi ya dakika nne kuthibitisha Abunuwasi ni tapeli na afaa kushtakiwa. Wamemjibu kumi na kitu. Mimi nazima data, kesho saiba kuna watu wa ushuru, wa KRA.