Usingizi wa Agosti

Mwezi Julai 2018, baridi ya Iringa ilipokuwa imekaza na upepo ukisukuma vumbi hadi ndani ya madarasa, pumu yangu iliyokuwa imetulia kwa miaka kadhaa ilinirudia kwa nguvu, hata nikalala hospitali usiku mmoja nikivutishwa dawa kwa mashine. Niliruhusiwa nikiwa na bahasha ndogo ya prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa: vidonge 8 vya miligramu 5 kila asubuhi, kwa siku 7. Juu ya bahasha iliandikwa idadi tu.

Dawa yenyewe siilaumu, maana kufikia siku ya tatu kifua kilikuwa kimefunguka na ule mluzi umekoma. Vidonge vilikuwa vichungu ajabu. Ukichelewa kuvisukuma kwa maji, vinaanza kuyeyuka ulimini na uchungu wake unakusindikiza mpaka chai ya saa nne.

Usingizi ndio ulionitoka. Saa nane usiku ningekuwa jikoni nikila kiporo cha wali na maharage bila kukipasha moto, kwa njaa ya mtu aliyeshinda shambani, kisha nikasahihisha madaftari ya kidato cha pili kwa mkono uliotetemeka hivi kwamba alama zangu za vema zilifanana na mikwaruzo ya kuku. Mashavu yalijaa. Walimu wenzangu wakanisifu kuwa nimependeza, nami nikaitikia, kwani ningewaeleza nini?

Nilidhani kidonge cha mwisho kingefunga hesabu. Badala yake, baada ya siku mbili nguvu ziliniisha, magoti yakauma, usingizi ukaendelea kunikwepa, na machozi yakawa karibu mno. Jioni moja nililia kwa sababu maziwa yalifurika yakazima jiko. Mama mkwe, aliyekuja kuniuguza, alikwisha kupata jibu lake, akawa ananitazama tumboni kwa tabasamu.

Nilikwenda zahanati nyingine, ambako tabibu mmoja wa makamo aliuliza kwanza nilichokuwa nimemeza. Alinipima sukari, ikasoma 9.1 saa mbili baada ya chakula, akasema imepanda kidogo na tutairudia. Kisha akanieleza kwamba dawa ile huiga kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi zilizokaa juu ya figo, ambayo mwili huitoa kwa wingi kuelekea alfajiri ili kutuamsha, na ndiyo sababu vidonge humezwa asubuhi.

“Kozi fupi kwa kawaida haizilazi tezi hizo kwa muda mrefu, mama,” alisema, “lakini kuna miili inayochukua muda kutulia. Na usije ukavinunua mwenyewe dukani kifua kikibana tena.”

Maelezo hayo yalichukua dakika tano hivi. Magoti yaliendelea kuuma, ila nilirudi nyumbani bila ile hofu kwamba naugua ugonjwa mwingine usio na jina, na nadhani hofu ndiyo iliyokuwa imenichosha zaidi. Wiki mbili baadaye sukari ilisoma 6.0.

Usiku niliolala moja kwa moja kwa mara ya kwanza, mwanzoni mwa Agosti, mume wangu, aliyekwisha kuzoea kusikia sufuria zikigongana jikoni, alishtushwa na ukimya saa nane ile ile, akanitikisa bega kuhakikisha kwamba bado napumua.