Nilivyojifunza Foden ya jeshi nikiwa nimelala chini yake

Hadi mwaka 2014 nilikuwa najiita dereva. Nilikuwa na miaka sita kwenye njia ya Dar hadi Tunduma na semi, na miwili ya mwisho nilipewa Scania inayobadili gia yenyewe. Mlima Kitonga nilikuwa nashuka na ritada, kifaa cha kupunguza mwendo bila kukanyaga breki, nimeegemeza kiwiko dirishani, huku nikiwaza nitakula wapi. Kisha tajiri akauza magari, nikarudi nyumbani Mafinga na begi moja na leseni ambayo niliiona ni mali.

Kazi iliyopatikana ilikuwa ya kutoa magogo ya paina msituni Sao Hill na kuyaleta pembeni mwa lami. Gari lenyewe lilikuwa Foden ya ekseli tatu, zote zinasukuma, lililoundwa Uingereza kwa ajili ya jeshi kuvutia mzinga wa FH70. Baada ya jeshi kulichoka likapita mikono ambayo hakuna anayejua hesabu yake. Kreni ilishang'olewa. Saa ya mizunguko ya injini ilikuwa imekufa. Ile karatasi ya kuonyesha gia zilivyopangwa ilibaki alama ya gundi tu. Injini ilikuwa Rolls-Royce Eagle, dizeli ya silinda sita, lita 12. Pale kijiweni nilipowaambia kwamba naendesha Rolls-Royce walicheka mpaka mama wa chapati akaja kuuliza kuna nini.

Siku ya kwanza sikulitoa hata hatua kumi. Nilikanyaga klachi kama nilivyozoea, nikasukuma liva kwenye moja, likanijibu kwa kusaga kulikowatoa mafundi chini ya mti. Nikajaribu tena, vilevile. Nikazima, nikawasha, nikakosa tena. Tajiri alikuwa amesimama pale na simu sikioni, akaishusha taratibu. Hakuna aibu kama dereva wa semi kushindwa kuingiza namba moja gari likiwa limesimama.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa analinda yadi ile usiku. Alianza utingo mwaka 1969 kwenye malori ya Fiat yaliyokuwa yakipeleka mafuta Zambia, kabla njia ile haijapata lami. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza swali moja tu: "Klachi umekanyaga mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwa mguu.

"Hiyo ni nusu. Gari likiwa limesimama, kanyaga mpaka sakafuni. Kule chini kabisa kuna breki yake ndogo, inasimamisha shafti inayoingia kwenye gia boksi. Lakini likiwa linatembea usifike kule hata siku moja. Utaimaliza."

Nikakanyaga mpaka sakafuni, nikahesabu mbili, namba moja ikaingia kama kisu kwenye siagi. Nilikuwa nimepambana nusu saa nzima na sentimita chache za pedali.

Nilidhani somo limeisha. Mzee akanitandikia gunia chini ya gari. "Ingia. Mimi nakaa juu." Injini imezimwa, mitungi imejaa upepo. Yeye anasukuma liva na vitufe, mimi nakodoa macho chini na kupaza sauti kusema nimeona nini. Alipoinua ile swichi ndogo ya kwenye kichwa cha liva, hakukuwa na kilichotokea. Nikamwambia. "Subiri," akasema. Akalitoa liva kwenye gia, likapita fri, yaani katikati pasipo na gia, na hapo hapo nikasikia psss, halafu kitu kikagonga ndani ya chuma nyuma ya gia boksi. Mkono wangu ulikuwa umeegemea pale, nikausikia mgongano huo hadi begani.

Hapo ndipo Fuller, aina ya gia boksi ya lori lile, iliponiingia akilini. Ni gia boksi mbili zilizofungwa pamoja: ya mbele ina nafasi nne unazozishika kwa mkono, ya nyuma ina gia mbili zinazobadilishwa na upepo. Ukimaliza nne za chini unainua swichi, unarudi kwenye nafasi ileile ya moja, lakini sasa ni tano. Pembeni kuna moja nyingine nzito ya kuondokea na mzigo. Jumla tisa. Na swichi unaiweka mapema, kabla hujatoa liva; upepo wenyewe unasubiri upite fri ndipo ufanye kazi yake. Kama mitungi haina upepo, unaweza kuinua swichi hadi kesho. Nilipokuwa juu kwenye kiti vyote hivi vilikuwa vishikizo visivyo na maana. Nilipoviona kwa chini vikawa kamba zenye ncha mbili.

Tulirudia hivyo kwa swichi ya kuunganisha ekseli ya mbele na ile ya kufunga difu, ili tairi za kushoto na kulia zizunguke pamoja. Hii ya difu ilikuwa imefungwa upya na fundi fulani, aliiweka kinyume: ukibonyeza chini inafungua. Nisingelala kwenye gunia nisingelijua hilo mpaka siku ya tope.

Baada ya hapo ndiyo ikaja kazi yenyewe, dabo klachi. Gia boksi hii haina zile ringi za shaba zinazosawazisha mizunguko, kwa hiyo kusawazisha ni kazi yako. Kupanda gia: klachi nusu, toa, weka fri, achia klachi, subiri injini ishuke, klachi tena, ingiza. Kushuka gia ni hivyo hivyo, ila katikati pale, ukiwa fri na klachi umeiachia, unapiga resi ili injini ipande ikutane na gia ya chini. Tofauti kati ya gia na gia ni kama mizunguko 500. Saa ya mizunguko ilikuwa imekufa, mizunguko 500 nitaionaje? Mzee alichukua kijiti akawa anagonga dashibodi: ta, anakaa, ta. Kijiti cha kwanza natoa, kijiti cha pili naingiza. Njia tambarare kilikaa zaidi. Njia ya kupanda kilikuja haraka, maana mlimani lori linapoteza mwendo, ukichelewa gia haikusubiri.

Siku tatu tulizunguka yadi bila mzigo. Siku ya kwanza nilisaga kila gia. Siku ya pili niliipata tatu na nne, nikaanza kuringa, nikasahau kuinua swichi nilipotoka nne. Liva likaenda kwenye nafasi ya tano, ila kwa gia boksi ile bado ilikuwa moja. Kelele iliyotoka siwezi kuiandika. Mzee hakusema neno, alifungua mlango akashuka, akaenda kununua sigara. Nilikaa pale na mikono inatetemeka, nikijua nimemkera mtu aliyekuwa ananifundisha bure.

Wiki ya pili nikapewa mzigo, kama tani 15 za magogo mabichi. Kutoka kitalu kile kuna mteremko mrefu wa udongo mwekundu unaoishia kwenye kijito, kisha unapanda. Sheria niliijua: gia ya kushukia unaichagua juu, ukiwa bado unatawala. Lakini nilifika juu nikiwa na sita, njia ilikuwa kavu, nikajiambia nitashuka hadi nne nikiwa njiani, kama nilivyokuwa nafanya na semi. Niliibonyeza swichi chini, nikatoa liva, nikapiga resi, nikasukuma. Ikakataa. Nikasukuma tena. Ikakataa tena, na kila sekunde iliyopita mwendo uliongezeka, kwa hiyo gia niliyokuwa naitafuta ilizidi kuwa mbali.

Tuko fri, na magogo mgongoni. Utingo alikuwa ameshika mlango. "Kaka," akasema, hakuendelea.

Kitu kimoja nilikumbuka: breki za upepo hazipampwi. Kila unapoachia pedali unatupa upepo, na kompresa haiwezi kukufidia kwa kasi hiyo. Nilikanyaga mara moja, nzito, nikaishikilia, nikiangalia mshale wa upepo ukishuka kutoka 100 kuelekea 80. Harufu ya lainingi iliingia ndani. Mwendo ulipopungua kidogo niliacha kung'ang'ania nne. Nikainua swichi nikatafuta tano, nikapiga resi kubwa kuliko nilivyowahi kuthubutu, ikaingia. Injini ikapiga kelele kama inachinjwa, lakini ilishika. Tulivuka kijito kwa mtikisiko uliong'oa taa moja, tukasimama upande wa pili palipoanza mlima. Utingo alishuka akakojoa pale pale barabarani, mgongo kwangu. Aliporudi akaniomba sigara, naye hakuwa mvutaji.

Tangu siku hiyo, pale juu nasimama kabisa. Naweka tatu, naangalia upepo, ndipo naondoka. Nimeitwa mwoga na madereva vijana wanaopita na Fuso. Sawa.

Mvua za Machi zilinifundisha mambo ya difu, na haya sikuyapata kwenye gunia. Udongo wa Mufindi ukilowa unateleza kama sabuni. Mwanzoni nilikuwa nasubiri nikwame ndipo nifunge difu, tairi moja likiwa tayari linazunguka bure na kuchimba shimo lake. Kufunga wakati huo ni kuipiga nyundo difu. Sasa nafunga nikiwa mita 20 kabla ya tope, polepole, magurudumu yote yakienda sawa, na nafungua mara tu ninapoikanyaga ardhi ngumu. Ukisahau kuifungua utalijua kwenye kona: usukani unakuwa mzito, lori linataka kwenda mbele tu, na tairi linalia. Kona yenye mtaro upande wa nje haikupi muda wa kukumbuka swichi iko wapi.

Sikumbuki ni lini hasa nilijua. Nadhani ni Septemba mwaka huohuo, tukipanda na mzigo, mimi na utingo tukibishana kuhusu bei ya mchele wa Kyela. Nilikuwa nimeshikilia kwamba ameibiwa. Katikati ya ubishi akanyamaza, akaniangalia mkono. "Umeingiza tano," akasema. Nilikuwa sijasikia.

Mzee aliacha ulinzi mwaka 2016, akarudi kwao Njombe kulima viazi. Gari bado lipo. Saa ya mizunguko tulibadilisha, inafanya kazi, siiangalii. Lakini asubuhi za Juni, baridi ya Mafinga inapoyafanya mazito mafuta ya gia boksi, tano bado inanikoromea mara mbili tatu kabla haijakubali. Huwa naliacha linguruke robo saa nzima, nakunywa chai, ndipo napanda.