Siku moja na lenzi moja kando ya ziwa

Saa 10:30 alfajiri. Betri mbili zimejaa chaji, memori kadi haina kitu, kitambaa cha kufutia lenzi kiko mfukoni. Begini natia lenzi moja tu, ya milimita 35, isiyovuta, yaani haiwezi kukisogeza kitu karibu au mbali. Zamani nilisafiri na lenzi tatu za kuvuta, nikawa nasimama mahali pamoja na kuisogeza milima kwa kuzungusha mkono. Picha zangu za miaka ile zinafanana mno: ziwa katikati, mlima nyuma yake, mbingu juu. Lenzi isiyovuta hunilazimisha kutembea, na tangu nianze kutembea ndipo picha zilipoanza kubadilika.

Saa 11:35. Niko ufukweni, bado kuna kiza. Jana jioni nilipita hapa bila kupiga hata picha moja. Nilitaka tu kujua jua litatokea upande gani na mawe yapi yanachomoza majini. Nasimamisha tripodi, naweka ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, na mwanga uingie kwa sekunde 8. Kamera naitegea ijipige yenyewe baada ya sekunde 2, maana mguso wa kidole peke yake unatosha kuitikisa. Rangi ya buluu ya saa hii haikai. Dakika chache tu, imeshapauka.

Saa 12:10 asubuhi. Jua limechomoza, nami nikaligeuzia mgongo. Naona uchungu kila nikikumbuka asubuhi nilizolikodolea macho jua lenyewe, kumbe uzuri wote ulikuwa nyuma yangu, umeangukia matete. Leo matete yalikuwa yamelowa umande, kila jani lina ukingo wa dhahabu.

Mbele ya matete, mvuvi alikuwa amesimama kwenye mtumbwi. Nikapiga, nikatazama, kuna kasoro: mstari wa upeo, pale maji yanapokutana na mbingu, ulimpita kichwani, kama umemkata. Hivyo ndivyo inavyokuwa kila ukimpiga mtu wa kimo chako mkiwa mmesimama wote wawili, kwa sababu upeo hukaa sawa na urefu wa kamera yako. Nikachuchumaa. Upeo ukashuka hadi kiunoni mwake, kichwa na mabega vikabaki peke yake angani. Mwanga ni uleule, mtu ni yuleyule, nilichobadilisha ni magoti yangu. Kama ningekuwa na jambo moja tu la kumfundisha anayeanza, ningemfundisha hilo.

Saa 2:30. Mvuvi alipofika nchi kavu nilimwendea.

"Shikamoo, mzee. Naomba nipige picha mikono yako ukishona wavu."

"Marahaba, mwanangu. Piga, ila mimi siachi kazi."

Nikamwonyesha kwanza ile ya mtumbwini, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha nikakaa chini, kivulini, karibu naye. Picha kama kumi za mwanzo mikono ilijua inatazamwa, vidole vilikaza. Nikaiweka kamera mapajani, tukazungumza. Baadaye alinisahau, na hapo fundo likaanza kufungwa kama linavyofungwa siku zote. Kama ningepiga mbili na kushukuru, ningeondoka na zile za vidole vilivyokaza.

Saa 6 mchana. Jua la utosini. Hesabu ya wapiga picha wa filamu bado inafanya kazi hapa: f/16, na kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, ilingane na ISO, yaani kwa ISO 100 ni takriban 1/100 ya sekunde. Sura za watu huharibika, macho huwa mashimo. Nilipiga vivuli vya makasia mchangani, basi, nikapumzika.

Saa 11:50 jioni. Mawingu yameziba. Nimerudi kwenye mawe na kusubiri, vidole vikijizoeza vitufe vya kamera bila macho kutazama. Nafanya hivi kwa sababu ya Ansel Adams, mpiga picha wa mandhari wa Marekani. Mwaka 1941, huko Hernandez, New Mexico, aliona mwezi ukipanda juu ya makaburi yenye misalaba myeupe, akakitafuta kipima mwanga chake asikipate. Alikumbuka ukali wa mwanga wa mwezi, akakokotoa, akapiga moja. Kabla hajapiga ya pili, jua lilikuwa limeondoka kwenye misalaba.

Saa 12:25. Mwali mmoja ukapenya chini ya mawingu, ukalipaka jiwe la mwisho rangi ya chungwa. Nilipata picha tatu, ukazimika.

Saa 3 usiku. Sifuti picha nikiwa nje, kioo kidogo cha kamera hudanganya. Nyumbani nimezipitia zote 214, nimebakiza nne: mvuvi, mbili za mikono ikifunga fundo, na lile jiwe. Ila nikilikuza jiwe naona kivuli chake kinaelekea majini upande ambao sikufika leo. Kengele nimeitega tena saa 10:30.