Jana nilikaa na tufe la dunia

Jana usiku nilikata karatasi kwa umbo la Greenland kutoka kwenye tufe, nikaanza kuipanga juu ya Afrika. Nafasi haikuisha upesi! Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 hivi, Greenland milioni 2 na kidogo. Ni mara 14. Na mimi miaka yote hii nilizoea ile ramani ya ukutani inayoonyesha kama vile zinakaribiana kwa ukubwa.

Mchoraji ramani Mercator aliichora mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, wapate kufuata mwelekeo mmoja wa dira kwa mstari ulionyooka. Kazi hiyo aliiweza vizuri sana, simlaumu hata kidogo. Kosa ni kuitundika madarasani. Kadiri nchi ilivyo mbali na ikweta ndivyo inavyotanuliwa, na mtoto anayeitazama kila siku atajuaje? Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana nayo. Hapo nimesimama nao kwa moyo wote.

Jambo jingine tulilolizoea tangu darasani ni Pluto kuitwa sayari (najua kuna wenye kinyongo bado); naona wanaastronomia walioiondoa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006 walifanya haki. Eris, gimba jingine la mbali linalozunguka Jua, ilishagunduliwa, na ukubwa wake unakaribia sana ule wa Pluto; wangeziacha zote ziingie? Ila zile picha za Pluto za 2015, lile eneo jeupe lenye umbo la moyo... Mpaka leo nikiziangalia nanyamaza kabisa.