Siku ya nguo za nyumbani: kutoka sarafu ya mtoto hadi dawati la Tanzania

Shule nyingi za msingi Uingereza huwa na siku ambayo mtoto anaacha sare, anavaa nguo azipendazo na kuja na pauni 1 ya mchango. Fedha ikiwa inakwenda Tanzania, mzazi Mswahili ataombwa maandazi. Maandazi yapikwe, ila kazi kubwa zaidi ni kuieleza kamati ya wazazi nini hasa kinahitajika huko.

Anzeni na shule inayopokea, angalau muhula mmoja kabla. Shule za msingi za serikali Tanzania hazitozi ada, kwa hiyo tangazo la "mlipie mtoto ada" linapotosha. Kinachopungua mara nyingi ni madawati, chakula cha mchana na matundu ya vyoo; mwongozo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Na tafadhali msikusanye vitabu vya hadithi vya Kiingereza. Nyingi ya shule hizo zinafundisha kwa Kiswahili, na vitabu vitaishia stoo. Mwombeni mwalimu mkuu akae na kamati ya shule, wachague kitu kimoja, kisha watume bei ya fundi kwa maandishi.

Kwenye tangazo taja shule, kitu hicho, na fedha ikizidi au ikipungua itafanyiwa nini. Usipoandika hivyo, ziada inaleta mgogoro, kwa sababu fedha iliyochangwa kwa lengo moja haihamishwi kiholela. Kumbusheni wazazi jioni ya kuamkia siku yenyewe. Mtoto anayefika peke yake na sare huumia sana. Mchango utumbukizwe kwenye ndoo getini, bila kuandika majina. Kuna nyumba ambazo pauni 3 za watoto watatu ni nyingi.

Meza ya vitafunwa iwe tayari saa nane na nusu, kabla watoto hawajatoka. Maandazi yakaangwe asubuhi hiyohiyo, yapoe kabisa ndipo yafunikwe. Yakifunikwa ya moto hutoa jasho na kulainika. Kaimati wekeni kwenye vikombe vya karatasi na kijiti, maana shira huishia kwenye makoti. Kashata ziwe za nazi tupu, kwani shule nyingi zimepiga marufuku karanga. Kila sahani iwe na kadi ya viungo: maziwa, mayai, ngano, ufuta. Bei ziwe senti 50 au pauni 1 tu, na muanze na chenji ya pauni 30 hivi, iliyoandikwa mapema ili isihesabiwe kama mapato.

Tiketi za bahati nasibu ziuzwe palepale siku hiyo. Mkianza kuziuza wiki moja kabla, sheria inayowahusu ni nyingine.

Wahesabu wawe wawili wasio wa familia moja, palepale shuleni, na wote wasaini. Mifuko ya benki inataka sarafu za pauni 1 ziwe 20, za senti 50 ziwe 20, za senti 20 ziwe 50. Mfuko uliochanganywa hurudishwa. Kama kamati imesajiliwa kama asasi ya hisani, mzazi anayelipa kodi na aliye tayari kutoa mchango wake kwa jina, nje ya ndoo, ajaze fomu ya Gift Aid: kila pauni 1 aliyotoa bure inaongezewa senti 25 na serikali. Fedha ya kununulia kitafunwa haihesabiki.

Tumeni mara moja, kiasi chote, kwenye akaunti ya benki yenye jina la shule, kamwe si kwenye namba ya simu ya mtu. Chagueni mtumaji abebe gharama zote, la sivyo benki za katikati hukata na fundi analipwa pungufu. Ombeni risiti ya fundi na picha ya madawati yakiwa darasani. Nyuso za watoto hazihitajiki.